NANI ASHIKE UFUNGUO WA MLANGO?

Hotuba juu ya Unguja na urafiki wake na mataifa ya nje, iliyosomwa mbele ya wasikilizaji wa Kimilili



Jambo nililotakiwa kulizungumza ni habari ya visiwa vya Unguja na Pemba: jinsi vilivyofanya urafiki na mataifa ya nje, na jinsi urafiki huo ulivyozusha ugomvi mara nyingi. Huenda mmoja wenu anauliza moyoni mwake, "Sisi watu wa mahindi na kahawa, tukaao chini ya Mlima Elgon, bahari hatuioni. Habari za Unguja zatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Wazee wa zamani walikuwa wakisema kwamba zumari ikipigwa Unguja, watu hucheza hata kwenye Maziwa Makuu. Maneno hayo hayakuwa majivuno matupu. Kabla reli haijafika, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikifika kwa Mumia, mwendo usio mrefu kutoka hapa, ikileta nguo na shanga na kununua pembe za ndovu. Lugha hii ninayowasemesha ilipanda bara kwa njia zizo hizo. Tena, kama mtakavyosikia, yako mapatano ya Serikali ya Unguja ambayo alama yake imo hata leo ndani ya Katiba ya Kenya.

Iko na sababu ya pili. Katika sensa ya 2022 watu wa Unguja na Pemba walihesabiwa karibu 1,890,000. Katika sensa ya Kenya ya 2019 watu wa kaunti ya Bungoma walikuwa karibu 1,670,000. Basi tukizungumza juu ya taifa dogo, ambalo karibu watu wake wote ni Waislamu, tunazungumza juu ya watu ambao hesabu yao haipitani sana na yetu. Na neno lenyewe la leo ni hili: ikiwa nyumba ina watu wengi, ni nani mwenye haki ya kumfungulia mgeni mlango?

UDOGO NA UKUBWA

Zamani Unguja ilikuwa dola yenye Sultani wake. Seyyid Said bin Sultan, aliyetoka Omani, alifanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833. Balozi mdogo wa Marekani akaja kukaa Unguja mwaka 1837, na wa Uingereza mwaka 1841. Mwaka 1840 merikebu ya Seyyid Said iliyoitwa Sultana ilivuka bahari mpaka New York, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, nayo ilichukua pembe na karafuu. Yafaa tukumbuke jambo hili kila tusikiapo mtu akisema kwamba watu wa nchi ndogo hawana la kusema mbele ya wakubwa. Mwenye bidhaa itakiwayo sokoni husikilizwa, awe mkubwa awe mdogo.

Lakini tuutazame na upande wa pili. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kwa maandishi kwamba zitauheshimu uhuru wa Sultani wa Unguja. Haikupita hata miaka thelathini, mambo yakageuka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa pamoja zikapima pwani, zikasema kwamba Sultani ni mwenye visiwa vyake na ukanda wa maili kumi tu bara. Mwaka 1890 zikapatana tena: Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland, na Unguja ikatiwa chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani, na vita vile vikaisha kabla ya kutimia saa moja.

Basi urafiki wa wakubwa una faida yake, wala hatuukatai. Ila mtu mdogo mwenye marafiki wakubwa wawili aweza kuamka asubuhi akakuta wameshagawana shamba lake, na yeye hakuitwa barazani.

MAPATANO YALIYOFIKA MPAKA KWETU

Ukanda ule wa maili kumi, kwa upande wa Kenya, uliwekwa chini ya utawala wa Uingereza kwa mapatano ya mwaka 1895, na Sultani akawa analipwa kodi kila mwaka. Ndiyo sababu bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa, ingawa Serikali iliyotawala ilikuwa ya Kiingereza. Kenya ilipokaribia uhuru, swali likatokea: je, pwani itakwenda wapi?

Jibu lilipatikana kwa mazungumzo, wala si kwa bunduki. Mwezi wa Oktoba 1963 Mheshimiwa Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, waliandikiana barua. Sultani aliacha dai lake juu ya ukanda wa pwani, nayo Kenya iliahidi kwamba watu wa huko watakuwa na uhuru wa dini yao, hati zao za ardhi zitaheshimiwa, na mahakama za makadhi zitaendelea kuwahukumu Waislamu katika mambo ya ndoa, talaka na urithi. Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Kenya tarehe 12, na nchi hizo mbili zikaingizwa katika Umoja wa Mataifa siku moja, tarehe 16 Desemba.

Wengi wetu twakumbuka kura ya Katiba ya tarehe 4 Agosti 2010. Baadhi ya makanisa yalipinga kwa sababu mahakama za makadhi zilitajwa humo, na watu wengi walidhani kwamba jambo hilo ni geni, limeingizwa juzi juzi. Halikuwa geni. Lilikuwa sehemu ya malipo ya amani ya 1963, ahadi ya mtu kwa jirani yake. Leo limo katika kifungu cha 170. Mkristo wa Kimilili hatakiwi kulipenda. Lakini ni vema ajue lilikotoka, kwa maana mtu asiyejua asili ya deni humwona mdai kuwa mwizi.

HABARI YA UJERUMANI MBILI

Serikali ile ya Unguja haikudumu. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi, Sultani Jamshid akakimbia, na Mzee Abeid Amani Karume akawa Rais. Uingereza na Marekani zilisitasita, zisiikubali Serikali mpya mpaka siku za mwisho za Februari. China na Urusi hazikungoja. Vilevile ilikuja Ujerumani ya Mashariki, nayo Unguja ikaikubali mwisho wa Januari.

Kwa masikio ya leo jambo hili laonekana dogo. Wakati ule lilikuwa kubwa sana. Nchi ya Ujerumani ilikuwa imegawanyika vipande viwili baada ya vita, na tangu mwaka 1955 Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na shauri la kuvunja urafiki na nchi yo yote iliyoikubali ile ya Mashariki. Urusi peke yake iliachwa. Katika Afrika hakuna nchi iliyokuwa imethubutu kuipokea Ujerumani ya Mashariki kwa ubalozi kamili kabla ya Unguja. Magazeti ya Magharibi yakaanza kuvitaja visiwa hivi kuwa Cuba ya Afrika. Kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo viendavyo angani, kilichokuwa Tunguu, kikafungwa mwaka ule ule.

Kisha tarehe 26 Aprili 1964 Unguja na Tanganyika ziliungana kuwa dola moja. Katika Mapatano ya Muungano, mambo ya nchi za nje yaliwekwa mikononi mwa Serikali ya Muungano. Hapo shida ikaanza, maana Tanganyika ilikuwa rafiki ya Ujerumani ya Magharibi na ilipata misaada yake, na Unguja ilikuwa rafiki ya Ujerumani ya Mashariki na ilijengewa nyumba. Ni kama ndugu wawili waliohamia nyumba moja, kila mmoja akiwa na mgeni wake, na wageni hao hawasalimiani.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati: Ujerumani ya Mashariki isiwe na ubalozi kamili, bali iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Ujerumani ya Magharibi haikuridhika. Mwaka 1965 iliwaondoa wataalamu wake waliokuwa wakisaidia jeshi. Mwalimu akajibu kwamba msaada wenye kamba shingoni hautaki, akaukataa hata ule uliobaki wa Serikali hiyo.

Tazameni mwisho wake. Mwezi wa Desemba 1972 hizo Ujerumani mbili zilitia sahihi mapatano ya kukubaliana, na mwaka 1973 zote mbili ziliingia katika Umoja wa Mataifa. Jambo ambalo Unguja ililaumiwa kwalo mwaka 1964, mlaumu mwenyewe alilifanya baada ya miaka minane. Na tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani ya Mashariki ilikoma kuwa dola, lakini majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani, yaliyojengwa kwa msaada wake, yalibaki na watu ndani yake.

Je, Unguja ilikosa? Mimi sitasema kwamba ilikosa kuchagua rafiki. Nasema hivi: rafiki alichaguliwa kisiwani, na gharama ikalipwa bara. Hilo ndilo fundo, na fundo hilo lilirudi tena baadaye.

JUMUIYA YA NCHI ZA KIISLAMU

Mwaka 1969 ilianzishwa huko Rabat, katika nchi ya Moroko, Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ijulikanayo kwa herufi OIC. Makao yake makuu yako Jedda, na huko Jedda ndiko iliko Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Si lazima nchi iwe ya Waislamu watupu ndipo iingie. Jirani zetu wa ng'ambo ya mlima, Uganda, ni wanachama tangu 1974, na Waislamu huko si wengi kuliko Wakristo. Wengi wenu mmefika Mbale. Kile Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa huko mwaka 1988 asili yake ni shauri la Jumuiya hiyo.

Mwezi wa Desemba 1992 Serikali ya Unguja, chini ya Rais Salmin Amour, iliingia katika Jumuiya hiyo kwa jina lake yenyewe. Habari ilipotangaa mwanzoni mwa 1993, bara lilitaharuki. Kila upande ulikuwa na hoja zake, nazo zote zastahili kusikilizwa.

Watu wa Unguja walisema, "Bei ya karafuu imeanguka. Tuna njaa ya shule, hospitali na barabara. Iko benki iwakopeshayo Waislamu kwa masharti nafuu, na sisi ni Waislamu. Uganda imeingia na Kanisa halikufa. Mbona sisi tuzuiwe?"

Watu wa bara walisema, "Katiba ya mwaka 1977 yasema kwamba mambo ya nchi za nje ni ya Muungano. Serikali yetu haina dini. Ikiwa sehemu moja yaweza kwenda peke yake kutia sahihi na mataifa, basi hakuna tena dola moja, bali ziko mbili zinazotumia bendera moja."

Kamati ya Bunge ilichunguza, ikasema kwamba Katiba imevunjwa. Mwezi wa Agosti 1993 Unguja ikajitoa. Lakini moto ulikuwa umeshashika makuti. Mwezi uo huo wabunge 55 walileta hoja kwamba, ikiwa Unguja ina serikali yake, basi na Tanganyika irudishiwe yake. Bunge likaikubali. Mwalimu Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha madaraka, aliipinga kwa nguvu zake zote, akiona kwamba Muungano ungevunjika. Na mwaka 1994 hoja hiyo ikawekwa kando. Basi fomu moja ya uanachama, iliyotiwa sahihi bila baraza la nyumba nzima, ilikaribia kuibomoa nyumba yenyewe.

Liko jambo moja husahauliwa. Unguja ilipojitoa, ilielezwa kwamba Serikali ya Muungano italitazama shauri la Tanzania nzima kuingia. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na Tanzania haimo katika Jumuiya hiyo. Ndiyo maana manung'uniko hayakuisha. Mkubwa alimwambia mdogo, "Usiende, mimi nitakwenda kwa niaba yetu," kisha hakwenda.

BENDERA NA MELI

Mfano wa mwisho ni wa mwaka 2012. Wakati huo Marekani na nchi za Ulaya zilikuwa zimeiwekea Iran vikwazo vya mafuta. Ikagunduliwa kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zikisafiri chini ya bendera ya Tanzania. Mbunge mmoja wa Marekani alimwandikia barua Rais Kikwete kulalamika. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba meli hizo ziliandikishwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Zanzibar, kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai. Meli 36 zikafutwa katika daftari.

Hapa hapakuwa na neno la dini wala la urafiki wa zamani. Palikuwa na daftari, wakala na ada. Lakini ubaya ulikuwa ule ule. Mkono mmoja ulipiga muhuri, na lawama ikaandikwa kwa jina la watu wote. Mkulima wa Mbeya au mvuvi wa Mwanza hakuijua hata meli moja katika hizo, ila bendera iliyopeperushwa juu yake ilikuwa yake.

NENO "NCHI"

Kazi yangu ni kutafsiri maneno ya Serikali, na kazi hiyo imenifundisha kwamba ugomvi mwingine umejificha ndani ya neno moja. Sisi tusemapo "nchi", twaweza kutaka kusema ardhi tuikanyagayo. Twaweza kutaka kusema watu na desturi zao. Na twaweza kutaka kusema dola yenye jeshi na mabalozi. Neno ni lile lile. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa Tanzania alisema Bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na watu wa visiwani wakakasirika sana. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilibadilishwa ikasema kwamba Zanzibar ni nchi, moja katika mbili zilizofanya Muungano.

Nani alisema kweli? Waziri alikuwa na maana ya dola, na Waunguja walisikia kwamba wao si watu. Lau kila upande ungeeleza kwanza maana yake, nusu ya hasira ingepoa. Mtu aweza kuwa na nchi aipendayo, yenye historia ya karne nyingi, bila ya kuwa na ubalozi wake. Na mwenye kushika ubalozi hana ruhusa ya kumdharau.

NA SISI JE?

Wasikilizaji wangu, tangu Katiba ya 2010 Kenya ina kaunti 47. Magavana husafiri ng'ambo kutafuta wanunuzi wa mazao na watu wa kuleta mitaji. Hilo ni jambo jema, na mkulima wa kahawa wa Kimilili atafurahi akipatiwa bei nzuri. Lakini Katiba iyo hiyo, katika Jedwali la Nne, imeyaweka mambo ya nchi za nje chini ya Serikali ya taifa. Na kifungu cha 212 chasema kwamba kaunti haiwezi kukopa mpaka Serikali ya taifa iwe mdhamini na bunge la kaunti likubali. Sheria hiyo haikuwekwa kwa kutudharau. Imewekwa kwa sababu deni la mmoja likishindikana, mdai atabisha hodi kwa wote.

Kwa hiyo, kutokana na habari za Unguja, nayaona mashauri mawili. La kwanza ni la aliye mdogo: asimfungulie mgeni mlango wa nyuma usiku, hata kama mgeni huyo ni mwema na amechukua zawadi. Amlete mchana, mbele ya baraza, aseme, "Huyu ni rafiki yangu, na faida yake ni hii." Jambo lililosemwa mchana laweza kukataliwa, lakini haliwezi kuitwa uhaini.

La pili ni la aliye mkubwa, nalo ni zito zaidi, kwa kuwa ndiye ashikaye ufunguo. Asidhani kwamba kushika ufunguo ni kumiliki nyumba. Mdogo akija na haja yake ya kweli, ya shule au ya hospitali, mkubwa akimkatalia njia moja ni wajibu wake kumwonyesha nyingine, na akiahidi kwenda kwa niaba yake, na aende. Akikaa kimya na ufunguo mfukoni, asishangae siku moja akisikia kwamba ukuta umetobolewa.

Vijana wa shule walioko hapa watakuja kuwa makarani, madiwani, na pengine mabalozi. Siku watakapopewa karatasi ya kutia sahihi kwa jina la watu wao, na waisome mara mbili, kisha waulize ni nani atakayelipa.

Mwenye swali na asimame aulize; wakati upo.